Msahihishaji Aliyeitikia kwa Kichwa

Vitabu vya watoto wenzangu vilijaladiwa kwa karatasi za kaki. Vyangu vilijaladiwa kwa makosa. Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, na prufu zilizokwisha kazi, yaani zile kurasa za majaribio zinazochapwa kwanza ili makosa yasakwe, hazikutupwa. Zilikuja nyumbani chini ya kwapa lake. Tulizitandika ndani ya droo za kabati, tukazibandika ukutani nyuma ya jiko, tukajaladia madaftari. Nilijua kusoma kabla ya kuanza shule, na nilijifunzia kwenye ukuta ule, katikati ya alama zake nyekundu. Kwa miaka mingi niliamini kila maandishi duniani huzaliwa na wekundu pembeni.

Nikisema alikuwa hodari, msidhani ni mapenzi ya binti kwa babake. Kasoro alikuwa nazo, tena za kutosha. Alikuwa mbishi, alikuwa na mkono wa birika, na akipika siku mama anaumwa tulitamani tuumwe sisi. Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba hakupenda kabisa kuonekana hajui jambo. Akipotea njia mjini, angetembea saa nzima kuliko kumsimamisha mpita njia. Ukimwambia habari asiyoifahamu, angeitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeipata jana yake. Mama alikuwa akisema, “Baba yenu hata malaika wa kifo akija ataitikia kwanza, ndipo amuulize mtu pembeni ni nani yule.”

Chumba chao cha kusomea pale kiwandani kilikuwa ghorofa ya pili. Niliingia humo mara nyingi siku za likizo, kumpelekea miwani aliyosahau, na hadi leo nikinusa wino mbichi moyo wangu hurudi pale mlangoni. Palikuwa na meza sita, na kila meza watu wawili. Mmoja alishika muswada wa mwandishi akisoma kwa sauti, mwenzake akafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi. Hebu fikiria sauti sita kwa mpigo: huku hesabu, kule mifupa ya mwili, pale Kiingereza. Mgeni angedhani ni wodi ya wagonjwa wa akili. Na kwa kuwa msomaji alipaswa kutaja kila alama, na kutaja kulichosha ulimi, wenyewe walikuwa na desturi ya kugonga meza kwa kifundo cha kidole. Mkato mara moja. Nukta mara mbili. Alama ya kuuliza mara tatu.

Baba alikuwa anafuata, na aliyemsomea alikuwa Redio. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye karatasi za mshahara tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilifika mlangoni kabla yake. Sisi watoto tulimwita baba mdogo, mkewe tukamwita mama mdogo, na kila Jumapili alasiri Redio alikuja kwetu, akakaa kiti kilekile, akanywa chai vikombe vitatu, akabishana na baba habari ya mikato. Watu wengine hubishania mpira.

Alama ambayo baba aliipenda kupita zote ilikuwa ile ya kuuliza katika Kiingereza. Cha ajabu, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kuuliza. Jumapili asubuhi alinikalisha mezani, akaandika sentensi nyuma ya prufu, akanipa kalamu.

“Where do you live,” aliandika, akaacha mwisho wazi. “Haya, malizia.”

Nikaweka alama.

“He asked me where I lived.”

Nikaweka alama tena, na kalamu ikaondolewa mkononi mwangu.

“Nani anauliza hapo?”

“Yeye, baba. Si ameuliza ninakaa wapi.”

“Aliuliza jana huko, akajibiwa, yakaisha. Huyu wa leo anasimulia tu. Anayesimulia mpe nukta. Alama ya kuuliza ni mali ya mwenye kuuliza.”

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Kwamba ukishaiweka usiongeze nukta mbele yake, kwani ina nukta yake chini na hiyo inatosha. Kwamba moja inatosha pia. Ukiweka tatu hujauliza zaidi, umepiga kelele. Kwamba maneno ya mtu yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na ni yeye anayeuliza, basi alama yake ilale humohumo ndani, usiitoe nje kama kiatu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilichoka, lakini nilipenda kukaa naye. Bega lake lilikuwa na joto na alinuka wino.

Sasa, kabla ya kupandishwa ghorofani, baba alikuwa mtu wa mashine. Miaka kumi na miwili alisimama kando ya mitambo ya kuchapia, ikinguruma kutwa kucha, na enzi hizo hakuna aliyewapa cha kuzibia masikio. Alipandishwa kwa sababu mkuu wa zamu alimkuta amekaa juu ya rundo la kurasa zilizoharibika, anazungushia makosa kwa kipande cha mkaa. Alipanda akiwa na macho makali na masikio yaliyokwisha kuanza safari. Yaliendelea kwenda, kidogo kidogo, na yeye hakumwambia mtu.

Redio aligundua siku alipokaukiwa na sauti kwa mafua. Alisoma kwa kunong’ona, kisha kwa utani akaacha hata kunong’ona, akawa anachezesha midomo tu, akingoja baba acheke. Baba hakucheka. Aliendelea kufuata mstari kwa mstari, akatia na sahihisho moja. Redio akamaliza ukurasa mzima bila kutoa sauti. Kesho yake alihamisha kiti chake. Wengine wote walikaa ubavu kwa ubavu. Redio akakaa mbele ya baba, uso kwa uso, akawa anasoma kwa kufungua kinywa vizuri na kugonga kwa nguvu, na baba akawa analaza kiganja cha kushoto juu ya meza ili mapigo yale ayapate kwa ngozi. Wakafanya kazi hivyo miaka minne. Wanaume wawili wazima, wanakutana siku sita kwa wiki na ya saba wanakunywa chai pamoja, hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Nyumbani nako tulijua na hatukusema. Tulikuwa tunaongea kwa sauti kama watu waliogombana. Shida yetu kubwa ilikuwa maswali. Kiingereza kikiuliza hugeuza maneno, hata kiziwi ataona. Sisi tunauliza kwa kupandisha sauti tu. Mama akisema umekula, anaarifu au anauliza? Baba hakuweza kujua, basi aliitikia kwa kichwa, na siku nyingine alilala njaa kwa sababu ya kichwa chake hicho. Tukaanza kutanguliza “je” kwenye kila kitu na kuinua nyusi mpaka zikachoka. “Je, baba, unatoka? Je, nikuletee maji?” Mama akasema nyumba imegeuka mahakama. Zamani alikuwa akimtania, akiitwa haitiki, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo aliiacha, na sikuwahi kumsikia akiitumia tena.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kustaafu kama si kitabu cha Kiingereza cha darasa la tano. Kilikuwa kitabu cha nchi nzima. Baba alikizungumzia miezi mitatu kabla hakijafika mezani pake, na sura ya saba, iliyohusu alama ya kuuliza, aliingoja kama mtu anayengoja mgeni wake mwenyewe. Angalieni alivyoniambia: “Sura hiyo nitaisafisha hata inzi ateleze.”

Siku ya sura ya saba prufu zilipanda kutoka chini bila mpangilio. Kipande chenye maelezo ya zoezi kilichelewa mashineni, kikatangulia kupanda kile chenye sentensi zenyewe. Zilikuwa sentensi ishirini, na mwisho wa kila moja palikuwa patupu. Mwandishi aliziacha hivyo makusudi, kwa sababu maelezo ya juu, ambayo baba hakuwa nayo mbele yake, yalisema: Weka alama ya kuuliza au nukta panapofaa. Redio alikuwa na muswada na aliyaona. Akamwambia baba, “Haya ni mazoezi, mzee mwenzangu, yaache wazi hivyo hivyo.” Lakini alisema akiwa ameinama kuokota karatasi iliyoanguka chini ya meza. Baba aliona mgongo tu. Aliona mgongo unatikisika, akajua limesemwa neno, akaitikia kwa kichwa.

Kisha akafanya kazi yake. Aliona sentensi ishirini zisizo na mwisho, akawaza kwamba wapanga herufi wa chini ni wazembe na wamekula alama za watu. Akazirudisha. Kumi na nne alizipa alama ya kuuliza, sita akazipa nukta, na hakukosea hata moja. Redio alipokuwa anasoma bila kugonga, baba alidhani mwenzake naye ameshangaa. Wakatia sahihi zao mbili chini ya ukurasa, kama ilivyokuwa kanuni, Redio bila kuukagua, prufu ikashuka, kitabu kikachapwa.

Kilifika shuleni kwetu muhula wa pili. Nilikijaladia changu siku hiyohiyo, kwa prufu. Tulipofika sura ya saba, mwalimu wa Kiingereza, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuambukiza, akatuambia tufungue zoezi la kwanza, tuweke alama, dakika kumi. Kisha mkono wa mtu nyuma ukapanda.

“Mwalimu, tumemaliza.”

“Mmemalizaje na hamjaanza?”

“Kitabu kimeshafanya chenyewe.”

Mwalimu akatazama. Akafunua ukurasa wa nyuma, akarudi, akavua miwani, akaanza kucheka, darasa zima likamfuata. “Aliyesahihisha kitabu hiki,” akasema akijifuta machozi, “alitaka apewe maksi yeye.” Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimekitazama kitabu changu, jalada lake limejaa mwandiko mwekundu wa baba, na masikio yangu yanawaka. Nilimkasirikia mwalimu, nikawakasirikia wenzangu. Baba sikumkasirikia hata kidogo, nilimhurumia, na kumhurumia baba ni jambo linalomtisha mtoto.

Nilifika nyumbani nikamwekea kitabu mezani, kikiwa wazi sura ya saba. Alisoma maelezo. Akasoma sentensi ya kwanza, ya pili, akaenda mpaka ya ishirini, taratibu, kana kwamba anatafuta moja aliyoikosea ili apate cha kushika. Akaniuliza, “Nani mwingine ameona?” Nikajibu, nikihakikisha anauona mdomo wangu: “Darasa zima, baba.” Akafunga kitabu. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui afanye nini na mikono yake.

Mkasa uliofuata nimesimuliwa na watu wawili waliokuwepo, na wanatofautiana mahali pamoja tu, nani alitoka mlangoni kwanza. Meneja wa kiwanda aliwaita wote wawili. Alikuwa na barua za walimu wakuu mezani, na alikuwa na tabia ya kuongea akiwa ametazama dirishani, mikono nyuma. Baba akaona kisogo cha Meneja mbele, na Redio yuko ubavuni pake. Hakuwa na mdomo wa kusoma hata mmoja.

Meneja aliuliza kosa ni la nani. Kama ingejulikana kwamba aliyekuwa anafuata hakusikia alichoambiwa, kazi ya chumba cha kusomea ingekuwa imemwishia baba, na Redio alilijua hilo kuliko yeyote. Basi akasema, “Ni langu. Muswada ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyegonga kwa mazoea. Mwenzangu ameandika nilichomgongea.”

Meneja akageuka. “Ndivyo ilivyokuwa?”

Baba hakuyawahi maneno mdomoni, aliona tu kidevu cha Meneja kimeinuka kumwelekea. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

Jumatatu yake Redio akashushwa stoo ya kufungia vitabu. Mtu mwenye sauti ile, anapanga maboksi. Alimwambia baba ni kwa muda, kwamba kule chini wamepungukiwa na watu, na baba akaamini kwa sababu ndilo jambo alilotaka kuamini. Akaletewa msomaji mwingine, msichana aliyetoka chuoni, mpole, mwenye sauti laini kama kitambaa na desturi ya kusoma akiwa ameinamia karatasi. Hakugonga kwa nguvu. Alikuwa anagusa meza kama anayemwamsha mtoto. Wiki mbili baba aliishi kwa hofu. Akaanza kuficha prufu kwenye mkoba na kuja kuzisoma nyumbani alasiri peke yake, neno kwa neno, bila muswada, akikisia alichokusudia mwandishi. Alipungua. Redio naye hakuja Jumapili ya kwanza, wala ya pili, na kiti chake hatukukikalia.

Jumapili ya pili alikuja mkewe. Mimi nilikuwa ninaosha vyombo, mlango wa jikoni uko wazi, na mama mdogo hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

“Mimi nimechoka, shoga yangu. Mume wangu anarudi hawezi kunyoosha mgongo. Anabeba maboksi kwa kosa lisilo lake, na mwenye kosa aliulizwa mbele yake akakubali kwa kichwa.”

“Nani kakubali?” mama akauliza.

“Mumeo.”

“Hakusikia.”

“Najua hakusikia! Mji mzima tunajua hasikii! Anayedhani hatujui ni yeye.”

Nikamsikia mama analia, naye mama mdogo akaanza kumbembeleza, aliyekuja kugomba akawa ndiye anayefuta machozi ya mwingine. Alipoondoka, mama alinawa uso, akaenda kusimama mbele ya baba, akamshika mashavu yote mawili ili asipate pa kutazama, akamweleza. Hakutanguliza “je” yoyote. Nilimwona baba anaanza kuitikia kwa kichwa, mazoea yale, halafu kichwa kikasimama katikati.

“Nilimwitikia?” akasema. “Mimi?”

“Wewe.”

“Naye yuko pale pembeni?”

“Yuko pembeni.”

Alikaa palepale mpaka chai ikapoa. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba huenda akaumbuka rafiki kwanza.

Asubuhi alivaa shati la kola ngumu na kwenda moja kwa moja kwa Meneja. Meneja alikuwa dirishani, kama kawaida yake. Baba, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkubwa neno zaidi ya “sawa”, akasema, “Meneja, naomba ugeuke. Ukizungumza na kioo sijui unaniuliza au unaniagiza.” Meneja akageuka kwa mshangao. Baba akamweleza yote: mashine, masikio, kiganja mezani, zile sentensi ishirini. Alimwambia Redio hakugonga kitu. Alimwambia, “Sisikii. Ni miaka minne sasa.” Mama aliniambia baadaye kwamba neno hilo la sisikii baba hakuwahi kulitamka hata kwake, chumbani, wakiwa wawili.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa Meneja tu. Kanuni ilikuwa asiyesikia hafuati. Redio akarudishwa ghorofani siku ileile, akapewa msichana mpole awe mwenzake, na baba akashushwa stoo. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuvichapa vitabu vile upya, ilionekana rahisi zaidi kubadili swali kuliko kufuta majibu. Wakachapa vipande vidogo vya karatasi vya kubandika juu ya maelezo ya zamani. Baba ndiye aliyeombwa kuandika maelezo mapya, na ndiye aliyevibandika, maelfu kwa maelfu, kwa brashi na gundi. Yalisema: Zisome sentensi hizi. Eleza kwa nini kila moja imepewa alama iliyopewa. Zoezi likawa gumu mara mbili ya lile la awali, na mwaka uliofuata nilisikia watoto wa darasa la tano wakimlaani aliyelitunga. Nilijiendea zangu.

Alikaa stoo miaka tisa, hadi alipostaafu. Alizoea. Aliwafundisha wafungaji wa kule chini kusoma Kiingereza kwenye kurasa zilizoharibika, na alipokuwa mzee kabisa alikuwa bado anazungushia makosa kwenye magazeti na kwenye kadi za mialiko ya harusi, jambo lililotukosanisha na watu. Sasa hayupo, na nyuma ya jiko mama amepaka rangi. Ninapomkumbuka, nikiwa naandika barua ya Kiingereza na kalamu ikasita mwishoni mwa sentensi, sikumbuki sana yale mafundisho yake. Namkumbuka Jumapili moja.

Ilikuwa kama mwezi mmoja baada ya baba kushushwa stoo. Redio hakuwa amekanyaga kwetu bado. Tulisikia amekasirika, si kwa kushushwa, bali kwa baba kwenda kusema. Eti amebeba mzigo wa mtu kwa hiari yake, na mtu akamfuata nyuma kuupindua. Basi alasiri ile mlango ukagongwa, na alikuwa yeye. Alipita bila salamu ndefu, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mama akammiminia chai, akasema, “Karibu, shemeji,” akajifanya ana kazi jikoni, akanivuta, lakini tulibaki mlangoni wote wawili.

Walikaa. Kikombe cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaisha. Kisha baba akasema, akiwa ametazama meza, “Kwa nini ulikubali kosa langu?”

Redio alijibu. Alijibu kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa juu ya kikombe, na hata sisi mlangoni hatukupata neno. Alipomaliza aliendelea kutazama chai yake. Nilimtazama baba. Nilikijua kile kichwa, nilijua kitakavyoshuka na kupanda polepole, nikaona shingo inajiandaa, na mama akanishika mkono akaubana.

“Sikusikia,” baba akasema. “Sema tena.”

Redio akainua uso. Akarudia, kidogo zaidi.

“Bado sikusikia, ndugu yangu. Sema tena.”

Redio akaweka kikombe chini, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akafungua kinywa chote, na sauti ile iliyompa jina ikatoka yote, ikapita dirishani, jirani aliyekuwa anaanika nguo akasimama na shati mkononi.

“Nimesema niliogopa kusoma na mtu mwingine!”

Baba alimtazama midomo mpaka ilipofunga.

“Hata mimi,” akasema.